Nilisoma vitabu kumi na viwili vya chakula, mke wangu akanipakulia kimoja

Wakuu, wazee wenzangu shikamooni, vijana marahaba.

Hii sijaitia chumvi. Mkimaliza mtakubali wenyewe siwezi kuitunga, maana nani ajitungie aibu ya namna hii?

Mwanzoni mwa miaka ya themanini, kijijini kwetu, nje kidogo ya Tinde. Wa rika langu mnakumbuka hali ilivyokuwa. Sukari tulikuwa tunaisikia redioni tu.

Mke wangu, Mama Kulwa, alikuwa amejifungua mapacha, Kulwa na Doto. Watoto wananyonya kwa zamu, maziwa hayatoshi. Mkunga akasema mama anywe uji kwa wingi. Lakini uji wa mtama usio na sukari ulikuwa unamshinda, vijiko viwili tu anatapika.

Ndipo akaja Bwana Elimu, yule ofisa wa elimu ya watu wazima, na mashindano yake. Maktaba yetu, chumba kimoja nyuma ya ghala la pamba, ilikuwa na vitabu kumi na viwili vya chakula. Atakayevimaliza vyote kwa mwezi mmoja na kujibu maswali mbele ya mkutano, zawadi yake kilo mbili za sukari.

Alikoitoa hatukuuliza.

Nikamwambia mke wangu, "Hiyo sukari ni yako, hesabu umeshaipata."

Alifurahi jamani! Akachukua na zamu yangu ya shambani ili mimi nisome.

Basi nikakaa kivulini na vitabu vyangu. Kimoja kinafundisha keki: washa oveni dakika ishirini kabla. Sisi tuna mafiga matatu na kuni mbichi. Kingine kinaonyesha uma unakaa upande gani wa meza, na meza yenyewe hatuna. Nasoma habari za siagi huku natafuna michembe, vile viazi vyetu vya kukausha, mpaka taya linauma.

Elimu ikanipanda kichwani. Mboga ikiletwa naikosoa mbele ya wageni: "Hii imechemshwa mno, vitamini zote zimekufa." Kitabu cha nne kilisema protini inajenga ubongo, nikaamua mayai yote ya kuku wetu ni ya msomaji. Firigisi ilikuwa yangu tangu zamani kwa mila, sasa nikapata na ushahidi wa kitabu.

Siku ya mkutano nilitisha! Swali la mwisho: mama anayenyonyesha ale nini? Nikatiririka. Mayai, maini, maziwa, uji wenye sukari, na asifanye kazi nzito.

Makofi!

Mke wangu kakaa upande wa akina mama, Kulwa mgongoni, Doto kifuani, jembe miguuni, maana alitoka shamba moja kwa moja. Yeye hakupiga makofi.

Nikakabidhiwa sukari.

Sasa kwetu mtu akipata jambo watu wanakuja kumpongeza, na mpongezaji haondoki mdomo mkavu. Wakanifuata nyumbani Bwana Elimu, mwenyekiti, kamati nzima, hata jirani ambaye hatukuwa tunasalimiana tangu ng'ombe wake wale mahindi yangu. "Wabeja, msomi! Wabeja!" Wananisifu kwa Kisukuma, nami nikavimba kichwa.

"Mama Kulwa, chai! Usiwabanie wageni sukari!"

Alinitazama mara moja, akaingia jikoni. Likaja birika la kwanza, la pili, la tano. Bwana Elimu aliweka vijiko vitano kikombe kimoja, akakoroga huku anatuhutubia juu ya lishe bora ya mama na mtoto. Walipoaga jua lilikuwa bado liko juu, na mfuko ulikuwa mtupu.

Mke wangu akakusanya vikombe, akaenda kuviosha. Mpumbavu mimi nikadhani mambo yako sawa.

Kesho yake mchana naletewa sinia, limefunikwa kawa vizuri kabisa. Nikanawa mikono. Nikafunua.

Kitabu.

Kile cha lishe ya mama anayenyonyesha. Mke wangu hakujua kusoma, alikichagua kwa picha ya jalada, mama kamkumbatia mwanawe.

"Karibu chakula, msomi," akasema. "Mayai yamo humo, jana nilikusikia ukiyataja."

Wakuu, nililia. Sifichi.

Nikavua saa yangu ya mkono, niliyoipata kwa jasho nikichimba dhahabu Geita, nikadandia lori mpaka Isaka, nikaibadilisha na mfanyabiashara mmoja kwa kilo moja ya sukari. Uji nikaupika mwenyewe. Ulijaa madonge, lakini aliumaliza wote. Na mayai yakahamia kwake siku hiyohiyo.

Kulwa na Doto leo wana watoto wao.

Funzo langu ni fupi: ukisoma chakula cha mama, mpe mama ale. Na nyie wataalamu wa lishe wa humu, mnaopiga picha sahani kabla wenzenu hawajaonja, hebu semeni ukweli, mayai kwenu anakula nani? Nipo, hata matusi nayapokea.

Siku hizi chakula kinakuja kwenye hotipoti. Lakini kabla sijanawa, nachungulia kwanza.