Ukurasa Usio na Majibu

Mwanangu alifeli usaili wa kuingia inglishi midiamu kwa sababu ya punda. Nilikuwa nimeketi kwenye benchi nje ya ofisi ya mwalimu mkuu, mlango umeachwa wazi, nikaona kila kitu. Mwalimu mkuu, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, alimwekea mezani karatasi yenye picha nne: gari, baiskeli, ndege na punda. Akamwambia aonyeshe kimoja kisichofanana na vingine. Mwanangu alikuwa na miaka saba. Aliitazama ile karatasi muda mrefu mpaka nikaanza kugongagonga sakafu kwa kisigino, kisha akaweka kidole juu ya ndege. Mwalimu akatia alama ya kosa, akageuza ukurasa.

Katika maswali kumi alipata matatu. Mwalimu aliniita ndani akaniambia kwa sauti ya huruma, ile inayouma kuliko ukali, "Mtoto bado mzito kidogo, mama. Mlete tena mwezi wa kumi na moja. Akikosa na hapo, nafasi nitampa mwingine."

Njiani kurudi Daraja Mbili sikumshika mkono. Tulipofika karibu na nyumbani ndipo nikamuuliza kwa nini ndege.

"Ndege haibebi maji, mama."

Akanieleza, taratibu, kama vile mimi ndiye niliyekuwa mzito. Kisongo, kwa bibi yake mzaa baba, maji huletwa na punda. Wenye baiskeli hufunga madumu nyuma. Kukiwa na harusi, gari huja na tangi. Lakini ndege zinapita tu juu ya boma kwenda kutua uwanjani, kila siku, na hazijawahi kumletea koko hata kikombe. Koko ndivyo wanavyomwita bibi upande ule.

Mzazi mwenye masikio angesimama palepale akamshukuru Mungu. Mimi nilisonya. Nikamwambia punda ana roho, vingine ni chuma, hilo hukuliona? Akasema aliliona.

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Mwalimu hakuuliza kwa nini."

Hasira zangu zilikuwa na historia yake, na ni heri niiseme. Nilikuwa nafuma masweta ya shule kwa mashine, katika kibanda cha mabati pale Daraja Mbili. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, soko limefunguliwa, na shule za binafsi zilikuwa zinaota Arusha nzima, kila moja na rangi zake. Niliwajua watoto wa mji huu kwa nyuzi zao: kijani na njano hawa, bluu na kijivu wale. Mimi ni Mchaga wa Machame, na kwetu mtu akikuuliza habari za watoto anauliza wanasoma wapi. Wateja wangu walikuja kupima masweta huku watoto wao wakijibizana kwa Kiingereza, na wangu amekaa chini ya meza anakunja nyuzi, hasemi. Kabla hata ya usaili nilikuwa nimeshamfumia sweta la shule ile, la rangi ya damu ya mzee lenye mistari miwili myeupe kifuani. Lilikuwa limekunjwa kabatini likisubiri.

Mume wangu hakuyaona haya makubwa. Yeye ni Mwarusha wa Kisongo, alikuwa dereva wa watalii, siku kumi yuko mbugani, siku tatu yuko nyumbani. Nilipomsimulia habari ya punda alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Lakini si ana sababu?" akasema. Nikamwambia sababu haina sweta.

Mteja mmoja ndiye aliyeniambia kuwa siku hizi mambo ya kunoa akili za watoto yote yamo kwenye intaneti. Sikuwa nimewahi kugusa kompyuta. Nikapanda ngazi za intaneti kafe moja mjini, chumba chenye mashine nne na feni moja, nikamkuta msimamizi wake, dada mmoja mkubwa kwangu kidogo, aliyekuwa katibu muhtasi wa shirika la umma kabla halijauzwa na yeye kupunguzwa kazi. Aliandika kwa vidole vyote kumi akiwa anakutazama wewe. Nilimweleza shida yangu. Akanivutia kiti.

Nilikwenda pale kila Jumanne na Alhamisi mchana kwa muda wa mwezi mzima. Picha zilikuwa zinafunguka mstari kwa mstari kutoka juu, na tulikuwa tunabahatisha ni kitu gani kabla hakijakamilika. Vingine hata vilipokamilika hatukuvijua. Kulikuwa na zoezi moja la kuchagua vitu vinavyokwenda pamoja, na kati yake kulikuwa na gongo la mti, nene huku na jembamba kule. Mimi nikasema ni mchi. Dada akasema mchi gani unashikwa na mtoto aliyevaa kofia? Tulibishana mpaka mtu wa kompyuta ya jirani akatuomba tupunguze sauti. Siku nyingine tukafungua mazoezi ambayo kila picha ilikuwa na theluji. Theluji nimekua nikiiona juu ya Kilimanjaro asubuhi, lakini ya kuvalia viatu maalumu sikuijua, na mwanangu angeijulia wapi?

Tulipata pia ukurasa wenye rangi na nyota zinazozunguka, ulioahidi kwamba akili ya mtoto ingeongezeka mara mbili kwa wiki sita. Ulitaka namba ya kadi ya benki. Nikamuuliza dada kama tungeweza kuwaandikia barua. Akaufunga. "Huyu anayeuza akili kwa wiki sita, mama, ukirudi kesho utakuta anauza na urefu," akasema.

Halafu siku moja ya mvua tukaupata ukurasa ambao leo ndio ninaoufikiria zaidi. Haukuwa na rangi. Nadhani ulitengenezwa na mwalimu mstaafu, kwa sababu maneno yake yalikuwa ya mtu aliyekaa na watoto miaka mingi. Picha zake zilikuwa za vitu vya kawaida: kijiko, jiwe, jani, kamba, ndoo. Chini ya kila picha palikuwa na maneno machache ya Kiingereza, na dada akanitafsiria: usimwambie mtoto amekosea, muulize kwa nini, kisha nyamaza umsikilize mpaka mwisho. Hayo tu, ukurasa baada ya ukurasa.

Nikamwambia ashuke chini zaidi. Akashuka.

"Majibu yako wapi?"

"Hakuna, mama."

"Wamesahau kuyaweka?"

Dada akanitazama. Nadhani alitaka kusema kitu, lakini mimi nilikuwa mteja na yeye alikuwa kazini. Mimi nimesoma shule ambayo kitabu kizuri ni kile chenye majibu nyuma, na mwalimu mzuri ni yule aliyekificha asiibiwe kurasa zile. Zoezi lisilo na majibu kwangu lilikuwa kama sweta lisilo na mikono. Nilikuwa nimeshachapa kurasa mbili. Nikarudi nazo nyumbani na kuzitumia upande wa nyuma kuandikia vipimo vya wateja. Baadaye, nilipoutaka ule ukurasa kweli, niliutafuta kwa miaka. Sikuupata tena.

Tulichochapa badala yake ni mazoezi thelathini, manene, yenye majibu yote kwenye karatasi ya mwisho. Nilitoka pale nimeyakumbatia chini ya koti yasilowe.

Kila siku saa kumi jioni nilisimamisha mashine, nikafuta meza, nikamkalisha mwanangu mbele yangu. Karatasi ya majibu nilikuwa naishika mimi, magotini. Mwanzoni alijaribu kunieleza. Kijiko, uma, kisu na kikombe: akachagua uma, kwa sababu nyumbani hatuna. Buibui, nyuki, mbu na ndege mdogo: akachagua nyuki, kwa sababu ndiye peke yake anayetupa kitu. Nikawa namkatisha. "Jibu kwanza, sababu baadaye," nilimwambia, na hiyo baadaye sikuwahi kuifikia, maana kulikuwa na zoezi linalofuata. Akikosa nilisonya. Akipatia nilimpa kipande cha muwa. Katikati ya mwezi wa kumi alikuwa anapata nane, kisha tisa. Nilimwona akinitazama sana wakati wa kujibu, nikadhani ni heshima.

Mume wangu aliporudi safari moja, nikamwita mtoto amwonyeshe baba. Akapatia yote kumi, bila kusita. Baba yake akapiga makofi, kisha akarudi kwenye picha ya kwanza.

"Kwa nini huyu?"

"Ndiye jibu."

"Najua. Lakini kwa nini?"

Mtoto akanigeukia mimi. Mume wangu akazirudisha zile karatasi mezani akazipanga vizuri, kona kwa kona, jambo ambalo huwa halifanyi.

Jioni ile, mtoto akiwa nje, aliniambia, "Zamani huyu alikuwa na maneno."

"Maneno yake ndiyo yaliyomkosesha shule," nikamjibu. Nikaongeza na mengine kuhusu watu wanaolea watoto kwa siku tatu kisha wanakwenda kuonyesha wazungu simba. Hayo najuta kuyasema. Kesho yake alfajiri aliondoka na wageni wake.

Mwezi wa kumi na moja tukarudi kwa mwalimu mkuu. Mlango ulikuwa wazi kama mara ya kwanza. Mwanangu alionyesha, akaonyesha, akaonyesha, na ile kalamu ya mwalimu ikawa inatia vema tu. Alipata tisa. "Mama, umefanya kazi," mwalimu akaniambia, akanipa mkono. Sijui kama nimewahi kusifiwa na mtu aliyesoma kiasi kile. Tulipotoka nilimnunulia mtoto soda, nikamvalisha sweta lake palepale barabarani ingawa jua lilikuwa kali, nikatembea naye mjini mpaka nikawa nimesalimiana na kila ninayemfahamu. Sikatai, ilikuwa siku ya furaha. Hata leo nikiikumbuka nafurahi kwanza.

Desemba, baada ya Krismasi, tulikwenda Kisongo kumpelekea bibi habari. Mwanangu akainamisha kichwa kama wanavyoamkia wao, bibi akaweka kiganja juu ya nywele zake na kukiacha pale muda mrefu. Mume wangu akamweleza mama yake kuwa mjukuu amepata shule kubwa. Bibi hakuuliza ni shule gani wala ina rangi gani. Alisema mtoto anayeanza jambo kubwa lazima awe na mnyama wake mwenyewe, wa kumsubiri nyumbani. Akaita mbuzi majike wadogo waletwe mbele ya zizi. Walikuwa watano.

"Chagua wako," akamwambia. "Yeyote. Ukishamchagua, yeye na watoto wake ni mali yako, hata baba yako hawezi kumuuza."

Niliona mume wangu akitabasamu, maana alijua kitakachofuata, na mimi pia nilijua. Likizo zote mtoto huyu alikuwa akishinda na mbuzi wale. Likizo ya Juni aliniimbia tabia zao usiku mmoja hadi mwingine: huyu anapenda kuongoza, yule anajifanya kilema akiona mtu ana chumvi, yule mama yake ana maziwa mengi. Tulitazamia atamshika wake kabla bibi hajanyamaza, kisha atusimulie sababu mpaka chai ipoe.

Alisimama mbele yao, mikono imeshikana nyuma. Akamtazama wa kwanza, wa pili, akawamaliza wote watano. Kisha akageuka akanitazama mimi. Hakuwa akitazama kwa aibu wala kwa kuomba ruhusa. Alikuwa anausoma uso wangu, macho kwanza, halafu mdomo, halafu akashusha macho mpaka magotini kwangu, pale nilipozoea kushika karatasi.

"Yupi ndiye, mama?"

Bibi alimtazama mwanawe, mwanawe akatazama chini. Mimi ni mtu wa nyuzi na migomba. Mbele yangu mbuzi watano ni mbuzi watano. Nilichuchumaa mpaka tukawa sawa kwa urefu, nikamwonyesha viganja vyangu viwili vitupu.

"Sijui, mwanangu," nikamwambia. "Haki ya Mungu, sijui."

Akaendelea kuutazama uso wangu, kwa subira, akingoja. Hakuniamini.