Nilivyomfundisha mdogo wangu mpira wa wavu, akazunguka upande wa ngoma

Wakuu, salaam kwenu nyote mliomo humu.

Juzi mwenzetu mmoja aliuliza: binti yake kaingia timu ya shule ya mpira wa wavu, aanze kumfundisha nini? Nikaandika jibu fupi, nikalifuta. Jibu langu lina kisa nyuma yake, na kisa chenyewe kilinipata mimi. Sitakitia chumvi.

Ni miaka ile ya vijiji vya ujamaa. Tulikuwa Mbwawa, huku Kibaha.

Wazazi wetu walifariki nikiwa darasa la tano. Nikaacha shule, nikashika jembe, nikabaki na wadogo zangu wawili. Anayehusika hapa ni Mwanaidi, ambaye wakati wa kisa hiki alikuwa amefika darasa la sita.

Mwanaidi shule haikumwingia kabisa. Kila asubuhi wimbo ni ule ule: "Dada, mimi nibaki tulime wote." Nami nilikuwa nimejiapiza kwamba wadogo zangu watamaliza la saba hata kama mihogo itaniua.

Basi akaja mwalimu kijana, katoka chuoni na mpira mmoja na wavu. Wiki ile ile Mwanaidi akaanza kuniamsha yeye.

Mwalimu akasema Ijumaa atachagua wachezaji wa kwenda kucheza na shule moja ya Kisarawe. Akawapa karatasi ya sheria waisome nyumbani. Mwanaidi kusoma kulikuwa kwa kusuasua, kwa hiyo nikaisoma mimi.

Tukafunga kamba ya katani kati ya mikorosho miwili. Mpira wetu ulikuwa wa matambara. Wachezaji ni sisi na akina mama wa jirani wakitoka shamba, khanga zimefungwa viunoni.

Mambo mengi tuliyapata sawasawa. Kila upande watu sita. Mnagusa mpira mara tatu tu, kisha uwe umevuka: wa kwanza anapokea, wa pili anaunyanyua karibu na wavu, wa tatu anashambulia. Mtu mmoja hagusi mara mbili mfululizo. Hushiki mpira ukatulia mkononi. Hugusi wavu.

(Vijana, enzi zetu pointi alipata anayesevu tu, yaani anayeanzisha mpira. Asiyesevu akishinda mpira, anapewa zamu ya kusevu, basi. Seti ilikuwa pointi kumi na tano na ilichukua muda mrefu kama kesi ya shamba. Na sevu ikigusa wavu imeharibika, siyo kama sasa.)

Tukafika kwenye mzunguko. Karatasi ilisema timu ikipata zamu ya kusevu, wachezaji wote wahame nafasi moja "kwa kufuata mshale wa saa".

Nyumbani saa hatukuwa nayo. Niliyoijua ni ya kuchorwa ubaoni, na mishale yake haitembei. Nikamuuliza jirani yetu, Bi Tatu, tuzunguke upande gani.

"Upande wa ngoma, mwanangu," akasema. "Kwani kuna kuzunguka kwingine?"

Nikaona ni kweli. Ngomani sisi wanawake tunazunguka upande mmoja tangu bibi zetu, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini. Tukazunguka hivyo siku nne, tena na vigelegele.

Ijumaa mwalimu akapuliza filimbi, akasema zungukeni. Wasichana watano wakaenda kule. Mwanaidi, kwa uhakika wote niliomfundisha, akaja huku. Akagongana na mwenzake vichwa, wote wawili chini.

"Mwalimu, huyu kaja kuchezwa ngoma kama mwali," mmoja akasema. Uwanja mzima ukacheka. Mwalimu akamtoa.

Alifika nyumbani, akaweka madaftari juu ya kinu. "Dada, shule basi. Usiniambie kitu."

Nilijua akikaa nyumbani Jumatatu, harudi tena.

Kesho yake mwalimu alikuwa uwanjani na timu. Nikaacha jembe pembeni, nikamwendea.

"Shikamoo mwalimu. Aliyekosea jana siyo Mwanaidi. Kazunguka alivyofundishwa, na nimemfundisha mimi."

Akaniangalia miguu yenye udongo. "Wewe uliishia la ngapi?"

"La tano."

"Na sheria unazijua?"

Nikamwaga yote, kuanzia sevu mpaka wavu. Nilipofika kwenye mzunguko nikamwambia hapo ndipo tuliposhika upande wa ngoma, kumbe ni kinyume cha saa. Alicheka mpaka akachuchumaa.

Kisha akachora kiwanja mchangani kwa kijiti. "Sahau saa. Ukiutazama wavu, aliye mbele kulia anarudi nyuma kulia, na huyo ndiye anayesevu. Wengine wote wanafuata njia hiyo. Mlete mdogo wako sasa hivi."

Mwanaidi hakutaka kuja. Nilimvuta mkono njia nzima, naye ananiambia namwaibisha. Mwalimu akampanga na wenzake, akawazungusha mara sita, mpaka kila mmoja akarudi alipoanzia. Hakukosea hata mara moja. Yule aliyemcheka akakosea mara mbili.

"Tunaye," mwalimu akasema.

Kesho yake, Jumapili, walikwenda Kisarawe kwa lori la kijiji, nami nikiwa nimening'inia nyuma na akina mama. Wakuu, tulifungwa. Seti mbili kwa moja, na ya mwisho hata sitaki kuielezea. Njia nzima ya kurudi Mwanaidi alikuwa akibishana na wenzake nani aliacha mpira udondoke katikati.

Jumatatu niliamka nikakuta kitanda chake kitupu. Alikuwa ameshakwenda shule. Akaenda hivyo mpaka akamaliza la saba.

Nilichojifunza: usimfundishe mtoto jambo ambalo wewe mwenyewe umelikisia. Na ukishamfundisha vibaya, nenda kwa miguu yako ukalikiri, usimwachie yeye aibu.

Wewe uliyeuliza, anza na mzunguko. Mchoree mchangani.

Mliocheza miaka ile na mnaocheza sasa, nisahihisheni nilipopotoka. Na kama kuna mwingine aliyezungukia upande wa ngoma, ajitokeze, nisibaki peke yangu.