Kichwa cha Treni Kilicholeta Pilipili

Meza yetu ya kulia hapa Saio, mtaa wa Bunia, ni zawadi ya wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu. Tulipofunga ndoa aliituma kwa lori kutoka Niania, anakouza vitenge. Ni meza ya mbao nzito, ya kukalisha ukoo mzima, na mimi nimeijaza reli. Bunia haina treni, na sijapanda treni maishani mwangu. Lakini tangu nilipoona kwenye simu video ya treni ndogo ikizunguka sebuleni kwa mtu, akili ilinihama na haijarudi. Mume wangu alikuwa akicheka tu, mpaka dada yake alipopiga simu kusema anakuja.

"Yaya akikuta ibi bintu ku meza yake, atabomoa yote," akaniambia; kwetu dada mkubwa huitwa Yaya. "Na miye sitakuombea musamaha."

Nikaapa treni itajitetea yenyewe. Itampelekea wifi pilipili pale alipokaa, polepole, bila kumwaga hata tone. Akipenda, reli zitabaki. Asipopenda, zitarudi kwenye katoni, nami nitalia.

Kazi ikawa kuchagua kichwa cha kuvuta. Nilikuwa na vitatu, nilivyovichimbua kwenye lundo la mitumba sokoni Nyakasanza. Cha kwanza kilikuwa cheusi, magurudumu mekundu, kizuri hata nilikibusu. Juu ya behewa niliweka kizibo cha soda kilichojaa maji, nikafungulia umeme wa betri ya sola kidogo kidogo. Kimya. Nikaongeza. Kimya. Halafu kikaruka kama motari wa pikipiki aliyeona abiria, na maji yote yakaniishia usoni. Cha pili, chepesi, kilianza kwa adabu, lakini kila kona kilisita, kikajifikiria, kikashtuka. Cha tatu kilikuwa na sura mbaya: cha kahawia, cha mraba, rangi imechubuka. Ila kilikuwa kizito, magurudumu yake yote yakivuta, na kiliondoka taratibu hivi kwamba sikujua kimeondoka. Kizibo kilizunguka meza nzima maji yakiwa yametulia tuli. Nikapiga vigelegele peke yangu, mpaka jirani akauliza ng'ambo ya ua ni nani aliyejifungua.

Kwa wazimu ule wa furaha nikaamua kukipaka mafuta kwenye giya, kiteleze zaidi. Mafuta ya cherehani yalikuwa yameisha. Mawese yalikuwepo.

Kesho yake asubuhi wifi akaingia na njaa ya safari. Kulikuwa na baridi ile yetu inayogandisha mawese ndani ya chupa. Akasimama mbele ya reli, mikono kiunoni.

"Mama ya batoto, iyi njo meza yangu?"

"Ndiyo, njo yenyewe, Yaya. Mukae kwanza, mutaona."

Nikaweka makemba, zile ndizi za kupika, na maharagwe, nikapakia pilipili kwenye kizibo, nikafungulia umeme. Kichwa kikanguruma bila kusogea. Nikakigeuza: giya zimeshikana, zimejaa madonge ya rangi ya machungwa. Nikakitumbukiza kifuani, chini ya kitenge, mawese yayeyuke, baridi yake ikanirusha, nikamwambia mume wangu aombee chakula. Alipotaka kusema amina upesi nikamfinya. Maskini, akaelewa. Akaombea barabara za huku, akaombea amani ya Djugu na watu waliokimbia mashamba yao, akaombea hata mbuzi wa jirani. Mawese yakaanza kunichuruzika tumboni, nami nikauma ulimi nisicheke mbele za Mungu.

Amina. Nikakirudisha relini na kuzungusha kitufe. Kikatetemeka. Kikaenda! Kikapita maharagwe, kikapita birika la chai, kikala kona kama bibi harusi, kikasimama mbele ya wifi. Hakuna tone lililomwagika. Nilitamani kupanda juu ya kiti nicheze.

Wifi akainama, akanusa.

"Iko inanuka mawese."

"Ndiyo, Yaya."

Akachukua pilipili. Akala kidogo, uso mkavu kabisa. Mume wangu alikuwa akitazama sakafu. Kisha wifi akaishika chumvi iliyokuwa karibu na mkono wake, akaisukuma mpaka upande wangu wa meza.

"Itume," akasema, "inirudishie ile chumvi."

Na kabla treni haijaanza kona, akainua sahani yake, akaiweka magotini, ili ipate nafasi ya kupita.