Dada Alipouliza Kuhusu Injini

Dada yangu alirudi Bunia kwa likizo ya juma moja, na siku ya pili akaninyang'anya baba.

Anafanya kazi Kampala, kwenye kampuni ya treni za mizigo. Hupima mazutu, yaani dizeli, yanayochomwa na vichwa vya treni, kisha hutafuta namna ya kupunguza gesi zinazoipasha dunia joto. Kilichokuwa kimemshinda ni kitu kimoja: treni ikisimama kungoja njia, hata nusu siku, madereva hawazimi injini. Inanguruma bure. Wamefundishwa, wamekaripiwa, bado.

Baba hajapanda treni maishani mwake. Lakini aliendesha lori la mizigo kati ya Bunia na Ariwara mpaka magoti yalipomgomea.

"Papa," dada akamuuliza, "juu ya nini dereva anakatalaka kuzima motere?"

Baba alicheka hadi akakohoa. "Mama, mwenye alishazima mu matope mara moja, hatazima tena! Batri ikikufa, weye utasukuma?"

Basi akafunguka. Alisimulia mvua ya siku tatu, lori limezama, yeye amelala juu ya magunia ya maharagwe, injini inanguruma chini yake. Ikibadili sauti kidogo tu, anaamka. Nilisikia yote hayo nikiwa uani, natwanga sombe, majani ya muhogo.

"Twanga pole, hatusikie!" dada akapiga kelele.

Nikazidisha. Miaka miwili nilikuwa naandika riwaya ya madereva wa barabara ile ile. Kila nilipomwomba baba anisimulie, alinijibu, "Ni barabara tu." Nikauacha mchi, nikaingia.

"Miaka miwili, Papa! Yeye siku moja tu?"

"Weye uliniulizaka kama nilikuwa naogopa," akasema. "Hiyo ni swali ya kuuliza mwanaume? Dada yako ameniuliza motere."

Dada hakuinua kichwa. Alikuwa anaandika kwenye daftari lake kwamba, kabla ya kuwakaripia madereva, kampuni ikague kwanza betri za treni. Alipomaliza akaenda kuoga, anaimba.

Nikakaa kwenye kiti chake. Kilikuwa na joto lake bado.

"Papa, lori ilikuwa na batri ya namna gani?"

"Mbili," akasema, akanisogelea. "Moja ilikuwa mugonjwa. Sikia sasa."

Niliandika haraka, wivu ukinichoma, maana hata swali lenyewe lilikuwa la dada.