Chachu ya Kiume

Kwanza nilisikia matone. Yalikuwa yakiangukia kuti kavu nyuma ya kiambaza cha bafu letu: tone, kimya kirefu, kisha tone jingine, na katikati yake pumzi ya mtu anayejikaza. Nilikuwa nimerudi likizo kutoka shuleni Mombasa, mzigo ungali kichwani, nikadhani mtungi umepata ufa. Mara akatokea baba, akijifunga upya kikoi, jasho limemtoka kama aliyepasua magogo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu." Akacheka. "Usishangae. Babako siku hizi ana mfereji mbovu."

Baba alikuwa mkataji wa boriti katika mikoko ya Bodo. Mgongo ulipoanza kumuuma, kila mtu alizilaumu boriti. Haja ndogo ilipoanza kumpa taabu, wakasema ni mshipa, kwa kuwa kwetu ugonjwa wowote wa mwanamume ulio chini ya kitovu huitwa mshipa. Alipewa mizizi achemshe. Aliinywa yote, na bado alisimama nyuma ya kiambaza kile muda ambao mama angeinjika wali ukaiva. Nilimwambia sirudi shuleni mpaka aende hospitali. Alinitazama kama anayempima mtu bei, kisha akatafuta kanzu yake.

Kule Msambweni walimtoa damu mkononi, chupa ikazikwa ndani ya barafu na kupelekwa Mombasa kupimwa. Baada ya wiki mbili tukaitwa. Daktari alizungumza Kizungu chake cha haraka, na dresa, msaidizi wake, mtu wa upande wa Kinango aliyekulia nyuma ya ng'ombe, akatufasiria.

"Binti atoke kwanza?" dresa aliuliza.

"Asitoke," baba akasema. "Yeye ndiye atakayenisomea makaratasi yenu."

"Basi, mzee, kila mwanamume ana tezi chini ya kibofu. Lako limeharibika, na uharibifu umeshaingia mifupani. Damu ndiyo iliyosema. Ndani yake mna kitu, sijui nikiiteje. Chachu. Chachu ya kiume. Kwa mtu mwenye afya huwa kidogo tu. Yako imefura kama unga wa mahamri."

"Kumbe nimezidi uume!" baba akasema.

Dresa alicheka, kisha akaacha. "Ugonjwa huu chakula chake ni huo uume ulio katika damu. Tutaunyima chakula. Njia ni mbili: kisu, kama afanywavyo maksai, au vidonge. Ukivimeza, chachu itashuka na maumivu yatapungua. Lakini matiti yatakuota. Na mambo ya chumbani, mzee wangu, yatalala."

Nilitazama sakafu. Baba akanigusa kidevu. "Inua uso. Hakuna aliyeiba hapa." Akamgeukia dresa. "Mimi si ng'ombe. Lete vidonge."

Vilifanya kazi. Mwezi haukwisha, matone yakawa mkondo. Miezi miwili baadaye alikuwa ameshika shoka tena, mguu umezama topeni hadi gotini. Matiti nayo yaliota, madogo, yenye kuuma yakiguswa. Wakataji wa boriti hufanya kazi kifua wazi, na baba alikataa katakata kuvaa shati.

"Mzee," kijana mmoja alimpigia kelele kutoka ng'ambo ya mkondo, "utaanza kunyonyesha lini?"

"Wewe uliachishwa mapema, ndiyo maana boriti moja yakushinda. Njoo!"

Mikoko mizima ilicheka, na aliyecheka kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa baba.

Likizo iliyofuata nilikwenda kuchukua jibu la damu ya pili. Nililisoma nikiwa nimesimama juani. Tarakimu ilikuwa imeshuka sana. Nilikimbia kutoka barabarani hadi kisimani, alikokuwa mama na wanawake wenzake, nikipiga kelele: "Mama! Imeshuka! Chachu ya kiume ya baba imeshuka!"

Kamba ya ndoo ikasimama. Sikuwa nimefikiri maneno yale yangesikika vipi masikioni mwa mtu ambaye hakuwako hospitali. Kabla ya Ijumaa yalikuwa yamefika Ukunda kwa mjomba wangu, tena yameongezwa chumvi: serikali imeandika karatasi kwamba shemeji yake si mwanamume tena.

Mjomba alikuja. Kwetu sisi Wadigo kaka wa mama si mgeni wa hivi hivi. Dada na watoto wa dada wako chini ya mkono wake. Aliketi mkekani, akaikataa kahawa.

"Shemeji, sikuja kukutukana," alisema. "Lakini dada yangu hajazeeka, na sheria inamruhusu kuachana na mume asiyeweza. Ama uvitupe hivyo vidonge uwe mwanamume, ama leo ninaondoka naye."

"Mjomba," nikasema, "kilichoshuka ni ugonjwa! Mimi ndiye niliyekosea kusema."

"Wakubwa wakizungumza, msomi hunyamaza."

Baba, ambaye kejeli za mikokoni hazikumpinda, alipinda hapo. Aliingia chumbani akatoka na chupa ya vidonge. "Kama hivi ndivyo vinavyomtoa mke wangu nyumbani..." alisema, akaanza kukizungusha kifuniko avimwage. Ndani ya chupa ile mlikuwa na uti wa mgongo wake, na hatua zake, na mwaka wake ujao. Alijua. Nami nilijua.

Jikoni, mbuzi ya kukunia nazi ikanyamaza. Mama akaja, viganja vyeupe kwa machicha. Alimpokonya baba chupa, akaifunga katika pindo la leso yake.

"Kaka, siku uliponioza uliniambia nimtunze mume. Hukunitajia kiungo."

"Astaghfirullah! Mbele ya mtoto?"

"Mtoto ndiye amsomeaye babake jibu la damu. Uume unaoutaka wewe ungemzika huyu. Mimi namtaka hai, na matiti yake. Na chumbani mwangu, kaka, nani alikwambia kilicholala na kilichoamka?"

Baba aliziba mdomo kwa kiganja. Mabega yalimtikisika, sikujua kama ni kicheko au kilio.

Mjomba akainuka. "Usije ukanililia."

"Nikilia, nitamlilia huyu. Yeye yu karibu."

Kwetu ndugu husindikizwa mpaka barabarani, na mlango wa mchana haufungwi. Mjomba alivaa makubadhi yake polepole, akingoja mmoja wetu asimame. Hakusimama mtu. Alipovuka kizingiti aligeuza shingo, kama mwenye neno moja lililosalia. Mama akausukuma mlango nyuma yake, akatia komeo.