Nimeachika Miaka Mitatu, na Bado Nampikia

(Jina na mtaa wa dada huyu tunavijua sisi wa ukurasa huu, na havitatoka hapa. Maneno ni yake.)

Mhariri, salamu kwako na kwa wasomaji wote. Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na tisa, naishi Temeke na mume wangu, fundi cherehani kwenye baraza la duka la Mhindi mmoja huko mjini. Nasema mume wangu kwa mazoea. Mkimaliza kusoma mtaniambia kama bado nina haki ya kumwita hivyo.

Niliolewa miaka kumi na moja iliyopita nyumbani kwa baba yangu, Mbagala. Kwa desturi yetu bibi harusi hakai penye ndoa. Nilikuwa ndani nimefunikwa kanga, nimefukizwa udi mpaka kichwa kinauma, na wanaume wako barazani na shehe. Baba aliingia mara moja kuniuliza kama nimeridhia, nikaitikia, akatoka. Waliyoagana huko nje sikuyasikia wala sikuuliza. Nani anauliza? Nilisikia vigelegele nikajua tayari.

Tuliishi vizuri. Mume wangu si mlevi, hajawahi kuninyanyulia mkono, na kila Idi gauni langu hulishona kabla ya nguo za watu. Tatizo lilikuwa moja tu, sikuzaa. Nimekunywa mizizi, nimekwenda hospitali, nimefanyiwa na mengine nisiyoweza kuyaandika. Mwaka wa nane nikachoka kuona anavyowatazama watoto wa jirani. Nikamwambia mwenyewe, kwa mdomo wangu huu, aoe mke wa pili.

Akakataa. "Usiniombe hilo, mke wangu. Lolote lingine nitafanya, hilo hapana." Nilidhani ni mapenzi, nikazidi kumpenda, mjinga mimi. Nikalia wiki nzima. Nikamtafutia msichana mpole, mtoto wa watu wa Kimara. Mwisho akainamisha kichwa akasema, "Haya. Lakini kumbuka ni wewe uliyetaka."

Baada ya ndoa hiyo nikaenda kumwarifu baba. Wakati huo alikuwa amepooza upande mmoja, na ulimi hausemi. Niliposema mume wangu ameoa, alinishika kwa ule mkono wake mzima akanivuta, machozi yanamtoka, akawa ananionyesha chini ya kitanda, lilipo sanduku lake. Nikadhani anataka kanzu yake ya sherehe. Ilikuwa juu kabisa, nikaitoa, nikamvalisha huku nacheka. Baba akafumba macho. Hakunionyesha kitu tena.

Bi mdogo aliletwa nyumba hiihii, akazaa mtoto wa kike. Yule mtoto nimemlea mimi. Ananiita mama mkubwa, analala kifuani kwangu, na mama yake hatujawahi kurushiana neno baya. Niliona nimefanya la maana katika dunia hii.

Baba amefariki wiki mbili zilizopita. Nilipotoa nguo zake nizifue, nikakuta chini ya sanduku karatasi yenye herufi za Kiarabu, na kuzisoma alinifundisha yeye. Ni sharti la ndoa yangu. Mume wangu ametamka mbele ya mashahidi wawili kwamba siku atakayooa mke mwingine juu yangu, siku hiyohiyo nimeachika talaka tatu. Na sahihi ametia. Baba mwenyewe alimwolea mama mke wa pili, mama akafa na kinyongo chake. Nadhani hakutaka mimi nionje alichoonja mama. Alinikinga, nami nikaenda kuivunja ile kinga kwa mikono yangu.

Talaka tatu, ndugu zangu. Si moja, kwamba tutarudiana. Ni mpaka niolewe kwanza na mwanamume mwingine, naye aniache. Miaka mitatu naswali, nafunga Ramadhani, najiita mke, kumbe nalala na mwanamume asiye wangu!

Jumapili mchana alikuwa anapiga pasi shati la mteja. Nikamuuliza, "Siku ya ndoa yetu, baba alikwambia nini pale barazani?"

Pasi ikasimama. Nikasikia harufu ya nguo inaungua, naye hajaiinua.

"Umeiona," akasema.

"Kwa hiyo ulikuwa unajua?"

"Nilijua. Ndiyo maana nilikataa. Wee ukalia wiki nzima. Mie mtoto nilimtaka, na wewe nilikutaka. Mzee hawezi kusema, shahidi mmoja kashakufa, nikasema itapita." Akafungua kifuniko cha pasi, makaa mekundu yanaonekana. "Ichome, mke wangu. Weka humu, yaishe."

Sikuweza kuichoma. Kuondoka pia sikuweza. Nilimwuliza kitu kimoja tu, kama alijua baba alikuwa analilia nini siku niliyomvalisha kanzu. Akafunga kifuniko cha pasi, akachukua shati lingine. Namchukia kwa hilo, na ikifika saa ya chakula bado namwekea mnofu.

Shahidi wa pili ni mjomba wangu anayeishi Lindi, hajui kama mume wangu ameoa. Ametuma salamu kwamba anakuja kwenye arobaini ya baba, na sanduku lisigawiwe mpaka afike kwa sababu kuna karatasi yangu mle. Zimebaki wiki tatu na siku kadhaa. Kwa shehe sijakwenda, kwa kuwa naogopa atakachosema.

Nikiitoa, naondoka bila mume na bila mtoto, maana mtoto ana mama yake. Nikiichoma, mjomba atabaki na neno lake tupu, shahidi mmoja bila karatasi, lakini baba nitakuwa nimemnyamazisha mara ya pili. Sasa karatasi nimeifunga kwenye pindo la kanga, na chumba changu nalala peke yangu, mlango nimetia komeo. Kila asubuhi mtoto anakuja kugonga. "Mama mkubwa, mbona umefunga? Nimekosa nini?"

Wenzangu mnaosoma, mwenye binti, mwenye elimu ya dini, hata mwenye mke mwenza, niambieni kabla mjomba hajafika: niitoe karatasi hii au niichome? Na yule mtoto pale mlangoni, nimjibu nini?