Siku Niliyokaa Kaburini kwa Mama

Naitwa Wakesho, mkulima wa Werugha. Kabla ya kuumia nilifuga ng'ombe wa maziwa, na majani yao nilibeba mwenyewe kutoka kwenye matuta, kamba ya mzigo ikipita kwenye paji la uso kama tunavyobeba sisi wanawake wa huku milimani. Asubuhi moja ya ukungu niliteleza. Mzigo ulitangulia kuanguka, kamba ikavuta kichwa nyuma, shingo ikavunjika.

Mikono ilirudi kidogo. Miguu haikurudi, wala mkojo siusikii ukitoka. Lakini kilichokaribia kuniua ni kukaa. Kwetu mgonjwa akitembelewa huinuliwa, wageni wasije wakasema amejiachia. Mama yangu mzazi ndiye aliyeniinua. Mara masikio yanavuma, macho yanaingia giza, natapika, nazimia. Watu wa kanisa wakaomba kwa sauti zaidi, na mama akanishikilia wima kwa nguvu zaidi, akiogopa kwamba akinilaza nitakufa.

Kliniki ya Voi, daktari alinipima presha nimelala, akapima tena nimekaa, kisha akanilaza upesi. Alieleza kwamba uti wa mgongo ukiumia, mishipa ya damu haipati amri ya kubana, damu inashuka tumboni na miguuni.

"Akizimia mlaze, miguu juu," alimwambia mama. "Kumshikilia wima ni kumnyima damu ya kichwa."

Tangu siku hiyo mama hakunigusa mabega tena. Alinilisha uji nimelala ubavu, na aliyetaka kuniinua alimfukuza. Niliichukia dari ile. Niliomba kufa, sifichi.

Bandeji za miguu na mkanda wa tumbo, alivyonifunga daktari ili damu isishuke, havikutosha. Daktari akanituma Nairobi kwa watafiti wanaojaribu kutumia umeme kuiamuru mishipa ibane. Walinibandika vibandiko mgongoni, vyenye waya kutoka kwenye kimashine kidogo. Hawakuniahidi kutembea. Umeme ulitekenya, kisha ukauma kama siafu. Wakainua kiti changu polepole huku wakisoma presha. Nilingoja giza, halikuja. Nikalia, nikamwomba mume wangu Mwadime ampigie mama.

"Sitaki kusikia kwa simu," mama alisema. "Njoo nikuone umekaa."

Hakuniona. Alifariki kabla sijaruhusiwa. Presha ndiyo iliyomuua, ila yake ilikuwa ya kupanda.

Watafiti walimfundisha Mwadime kuwasha kimashine, tukarudi nacho nyumbani kwa mazishi. Kaburini wazee walitaka nilazwe kwenye godoro pembeni. Nilikataa. Nilikaa kwenye kiti cha magurudumu, umeme ukiniuma chini ya leso. Macho yalipoanza kufifia, Mwadime aliinamisha kiti nyuma, kisha akaniinua tena. Nilikaa mpaka koleo la mwisho la udongo.

Namshukuru Mungu, madaktari na Mwadime. Sitembei, na vidonda vya kulala bado ninavyo. Lakini nakula nikiwa nimekaa, namwona mtu usoni. Wewe unayemuuguza aliyevunjika shingo, akizimia mlaze, inua miguu yake, na maombi yaendelee akiwa amelala. Na lolote ulilo nalo la kumwambia mtu wako, mwambie leo. Mama nilishamsamehe kwa kunishikilia wima, siku ileile pale kliniki. Nilikuwa nangoja nimwambie nikiwa nimekaa.